Namna ya Kugawanya Mshahara wa Mwezi kwa Mkristo Anayeishi Nairobi

Mshahara unapoingia mwishoni mwa mwezi, Wakristo wengi wa Nairobi hujiuliza swali moja tu la kiimani: fungu la kumi ni shilingi ngapi? Swali hilo ni jema, lakini likiulizwa peke yake huzigawa fedha katika makundi mawili, fungu moja la Mungu na mafungu tisa yangu, ilhali Zaburi ya 24 inasema kwamba nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuyashika mafungu yote kumi kama wakili, yaani mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenyewe na ambaye ataitwa siku moja atoe hesabu. Mimi na mke wangu tumeufuata kwa miaka kadhaa katika nyumba ya kupanga huku mtaa wa Umoja, na tumeteleza mara nyingi.

Kabla ya kupanga mwezi unaokuja, soma kwanza mwezi uliopita. Katika Luka 14 Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye huketi kwanza na kuhesabu gharama. Kwa mkazi wa jiji hili, kuketi huko kunaanza na taarifa ya M-Pesa, kwa sababu tangu huduma hiyo ianze mwaka 2007 ni shilingi chache mno zinazotuponyoka bila kuacha alama ndani yake. Piga *334#, omba taarifa ya mwezi mzima itumwe kwa barua pepe, kisha uipitie mstari kwa mstari ukiwa na kalamu, ukitenga kodi ya nyumba, chakula, nauli, karo, fedha zilizotumwa mashambani, ada za kutuma na kutoa, na mikopo. Huenda kitakachokushangaza kisiwe kodi, maana hiyo unaijua, bali mafuta ya kupikia ya kupimiwa na sukari ya shilingi ishirini unayonunua kila jioni ingawa mshahara wako ungeweza kununua kifurushi kizima tarehe ya kwanza. Anayeishi kwa kibarua cha siku hana budi kununua kadogo kadogo. Mwenye mshahara hana udhuru huo.

Hatua inayofuata ndiyo ambayo ningependa msomaji aishike hata akisahau nyingine zote: toa kwanza fedha za watu. Walawi 19:13 inaagiza kwamba mshahara wake aliyeajiriwa usikae kwako usiku hata asubuhi, na Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anasema kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Mama anayekuja kufua nguo Jumamosi, msaidizi wa nyumbani, fundi aliyerekebisha mfereji, na mama mboga aliyeliandika jina lako kwenye daftari lake walipwe siku ile ile mshahara unapoingia, kabla ya bahasha ya kanisani kufungwa. Najua nitapingwa kwa hoja ya malimbuko, kwamba Mungu hutangulizwa kuliko wote. Lakini Mithali 3:9 inasema umheshimu Bwana kwa mali yako, na ujira wa mama wa kufua si mali yako. Ni mali yake iliyolala kwako. Nimewahi kusimama kwenye kibanda cha mboga Jumapili mchana nikitoka ibadani, nikaona jina langu kwenye daftari la wiki tatu, na kile nilichokuwa nimeweka kwenye kapu la sadaka saa mbili kabla ya hapo kilizidi deni hilo mara nne. Tangu siku hiyo sijawahi kuiona hatua hii kuwa ndogo.

Ndipo sadaka inapofuata. Wanaoamini fungu la kumi hubishana kama lihesabiwe kabla ya makato au baada yake. Kwa maoni yangu, makato uliyoyachagua mwenyewe, kama vile akiba ya sacco (chama cha akiba na mikopo) na marejesho ya mkopo, hayapaswi kupunguza hesabu, kwa kuwa fedha hizo zimekufaa wewe. Kuhusu makato ya lazima, yaani PAYE (kodi ya mapato), NSSF (hifadhi ya jamii), SHA (bima ya afya) na tozo ya nyumba, kila mtu na afuate dhamiri yake. Paulo mwenyewe hakutaja asilimia alipowaandikia Wakorintho. Aliwaambia kila mtu aweke akiba kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, na atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala si kwa lazima. Kwa hiyo amua kiasi mapema, ukiwa nyumbani na akili imetulia, usisubiri kuamuliwa na sauti ya kipaza. Anayetuma fedha kwenye nambari ya mhubiri kwa sababu ameahidiwa kwamba mbegu hiyo itarudi mara kumi anafanya biashara na Mungu, tena biashara ambayo Mungu hakutia saini.

Tena sadaka haimwondolei mtu wajibu wa nyumbani. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea watu waliotangaza kwamba mali yao ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama zao. Wazazi walio mashambani watengewe kiasi kinachojulikana, na ikiwezekana mkubaliane na ndugu zako nani anashughulikia dawa na nani chakula, kwa sababu simu za dharura za kila wiki humchosha anayepiga na anayepigiwa.

Kisha geukia madeni, na hapa usiharakishe. Mithali 22:7 inasema kwamba akopaye ni mtumwa wake akopeshaye, na mtumwa wa zama zetu humjua bwana wake kwa ujumbe wa simu. Chukua mfano wa mkopo wa siku 30 unaotozwa ada ya asilimia 7.5, ada ambayo M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kupitia M-Pesa, ilijulikana kwayo tangu ilipoanza mwaka 2012. Kwa shilingi 5,000 ada ni shilingi 375, kiasi kinachoonekana kidogo. Lakini ukiulipa na kuuchukua upya kila mwezi kwa mwaka mzima, utakuwa umelipa shilingi 4,500 kwa ajili ya kutumia shilingi 5,000 zile zile. Hiyo ndiyo sababu ya kuuliza, kabla ya kukopa, si kama unaweza kulipa mwezi huu, bali kama utaweza kulipa bila kukopa tena kesho yake. Orodhesha madeni yote, pamoja na yale ya rafiki ambaye haulizi, uanze na lenye gharama kubwa kwa mwezi, na usichukue jipya hadi hilo liishe. Ukishindwa kulipa kwa wakati, mwendee wewe mwenyewe anayekudai na kumweleza, maana kuzima simu ni aina ya uongo.

Udhamini wa mikopo ya sacco unastahili tahadhari ya pekee, kwa kuwa watu huuona kama saini ya adabu tu. Unapomdhamini mwenzako, akiba yako inafungwa kwa ajili ya deni lake, na akishindwa kulipa utakatwa wewe. Mithali inaonya kuhusu jambo hili zaidi ya mara moja, katika sura ya 6, ya 11 na ya 22. Niliwahi kumdhamini mwenzangu wa kazini ambaye aliacha kazi miezi michache baadaye, na akiba niliyokuwa nimeikusudia kwa karo ikaenda. Sisemi mtu asidhamini kamwe. Nasema adhamini kiasi ambacho angeweza kumpa yule ndugu bila kurudishiwa, na amwambie mwenzi wake kabla ya kutia saini.

Kwa michango ya matanga, harusi na hospitali, tenga fungu moja la mwezi. Likiisha, jibu kwa upole kwamba limeisha na uhudhurie kwa miguu yako.

Akiba ina pande mbili katika Maandiko: chungu wa Mithali 6 anasifiwa kwa kujiwekea chakula wakati wa hari, naye tajiri wa Luka 12 anaitwa mpumbavu kwa kujenga ghala kubwa zaidi. Tofauti yao iko katika shabaha. Kila akiba ipe jina na kikomo, kama karo ya muhula wa kwanza au kodi ya miezi mitatu, ili ujue imetosha lini. Ahadi ya faida kubwa ya haraka uikatae hata ikiletwa na mshiriki wa ushirika wako. Kati ya 2006 na 2007 Wakenya wengi walipoteza akiba zao katika mipango ya piramidi, na baadhi yao walikuwa wameingizwa humo na waumini wenzao.

Mwisho, hesabu hii yote ionwe na mtu mwingine. Anania na Safira wa Matendo 5 hawakuhukumiwa kwa kubakiza sehemu ya fedha za kiwanja walichouza. Petro aliwaambia wazi kwamba fedha zilikuwa katika uwezo wao. Walihukumiwa kwa kusema uongo juu ya kiasi. Kwa walio na ndoa, kila mmoja aweke taarifa yake ya M-Pesa mezani jioni moja ya mwezi, watoto wakiwa wamelala, na mikopo yote itajwe kwa kiasi chake. Asiye na mwenzi amtafute mzee wa kanisa au rafiki anayeweza kutunza siri. Sisi huketi Ijumaa ya kwanza, na mke wangu ndiye hushika kalamu.