Jinsi ya Kuondoa Gugu Maji Bwawani Bila Kuwadhuru Samaki

Mwongozo huu ni wa wanaotunza mabwawa madogo jijini Nairobi na viungani mwake, ambako maji taka yenye nitrojeni na fosforasi hulirutubisha gugu maji hadi likafunika uso wote wa maji, kama lilivyofunika Bwawa la Nairobi, ambapo zamani watu walishindana kwa mashua za tanga.

Hatua ya 1: Pima oksijeni kabla jua halijachomoza, wakati ambapo huwa chini zaidi. Ikiwa haifiki miligramu 3 kwa lita, samaki wengi tayari wanataabika, na kunyunyiza dawa ya kuua magugu kutawamaliza: mimea ikifa kwa mkupuo huzama, bakteria wanaoiozesha hutumia oksijeni iliyosalia, kisha virutubisho vilivyokuwa majanini hurudi majini na kustawisha mwani. Kwa bwawa lisilo na mkondo, mimi sishauri dawa kabisa.

Hatua ya 2: Tenganisha mgeni na wenyeji. Gugu maji lilitoka Amerika Kusini. Mafunjo, matete na yungiyungi ni mimea yetu, na mizizi yake hushikilia kingo na kuwahifadhi samaki wachanga. Iache.

Hatua ya 3: Vaa buti ndefu za mpira, kwa kuwa konokono wa kichocho hupenda maji yenye mimea. Nyosha kamba iliyofungwa mitungi mitupu ya plastiki ili kuzuia magugu yasielee upande uliosafishwa, kisha ondoa robo moja tu, subiri wiki mbili, upime tena. Usichelewe zaidi, maana penye rutuba gugu hili huweza kuongezeka maradufu katika muda huohuo.

Hatua ya 4: Tikisa kila shina juu ya maji kabla ya kulitupa ukingoni. Katika mizizi ile myeusi yenye nyuzinyuzi utaona viluwiluwi vya kereng'ende, konokono na vifaranga vya samaki, yaani chakula na kizazi cha bwawa lenyewe. Lundo likae ukingoni usiku mmoja ili waliosalia watambae kurudi majini, kisha lihamishwe mbali, mahali ambapo mvua haitarudisha uozo wake bwawani. Usiwalishe ng'ombe magugu hayo, kwani hufyonza metali nzito kutoka maji machafu.

Fukusi, wadudu wanaokula gugu maji, waliotumiwa Ziwa Victoria miaka ya 1990 hufaa penye eneo kubwa, lakini huhitaji miaka, tena kwa idhini ya mamlaka husika.

Hatua ya 5: Ziba mfereji wa maji taka unaoingia bwawani. Mbegu za gugu maji huweza kuishi topeni hadi miaka 20, kwa hiyo kila maji yanapopungua, kagua matope yaliyoachwa wazi na ung'oe miche ingali midogo.