Ndege, kivuli na mimea ya kigeni kandokando ya mito ya Pemba

Mkulima wa bonde la mpunga anayekuta miche ya mpera au ya lantana (kichaka cha kigeni), mimea iliyoletwa kutoka nje, ukingoni mwa mto, mahali ambapo hakuna mtu aliyeipanda, na ainue macho autazame mti uliopo juu yake. Shorwe, kunguru na ndege wengine walao matunda hupenda kutua kwenye miti mirefu iliyo karibu na maji, na mbegu walizomeza huanguka pamoja na kinyesi chini ya tawi lile lile, zikiwa zimekwisha kuvuliwa nyama ya tunda.

Kazi ya ndege huishia hapo. Yanayofuata huamuliwa na uoto wa ukingo wenyewe. Chini ya kivuli kizito lantana hudhoofika, kwani huhitaji jua, lakini ukingo uliofyekwa hadi majini ukabakishiwa mti mmoja mrefu huwa ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu ndege wanapata pa kutua na mbegu zinapata mwanga. Mvua za masika zinapokuja, maji huzoa matunda na udongo na kuvishusha kwa jirani wa chini. Hata msituni hali si tofauti sana: mesopsisi ni mti wa bara uliopandwa na kuenea katika msitu wa Ngezi, kaskazini mwa Pemba; kwenye milima ya Usambara, huko bara, mbegu zake husambazwa na hondohondo, na miche yake hujaza mianya inayoachwa na miti iliyoanguka au kukatwa.

Kwa hiyo usilime hadi ukingoni. Acha ukanda wa miti na vichaka vya asili pande zote mbili za mto, na palipokwisha kuwa wazi panda mikuyu na miti mingine ya asili inayostahimili maji, uipande karibu karibu ili kivuli kifunge mapema. Kila baada ya mvua, kabla ya kwingine kokote, pita chini ya miti wanayolala au kutua ndege ukang'oe miche ingali midogo, wakati udongo umelowa na mizizi inatoka yote. Lantana na mpera uliokatwa kwa panga huchipua tena kwenye kisiki, hivyo anayefyeka bila ya kung'oa anajiongezea kazi ya mwakani. Anza upande wa juu wa mto ukiteremka, ikiwezekana pamoja na majirani wa shehia, na usisafishe ukingo mzima kwa siku moja, maana udongo ulio mtupu utamomonyoka kwa mvua ya kwanza.

Kuwafukuza ndege hakusaidii, kwani hao hao hueneza mbegu za mikuyu tunayoitaka. Kunguru wa India ni suala jengine; aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili ale taka, na taka zisizofunikwa ndizo zinazomweka karibu nasi hadi leo.

Mzambarau nao asili yake ni Asia ya Kusini, na sidhani kuna Mpemba atakayekubali kuukata uliopo uani. Inatosha kuiondoa miche yake inayojiotea mtoni. Matawi ya lantana yenye matunda yasitupwe majini wala kulishwa ng'ombe, kwani majani ya lantana huwadhuru ini. Yakusanywe mbali na ukingo, yaachwe yakauke, kisha yachomwe.