Gari ya tabo (turbo, kisukuma hewa cha injini): kuzuia moto chini ya boneti

Anza na mipira ya petroli, injini ikiwa baridi. Ikunje kwa vidole. Ukiona nyufa, badilisha mpira wote, usiunge kipande. Injini ya EFI (inayopuliza petroli kwa umeme, si kwa kabureta) inataka mpira wa presha wenye alama SAE J30R9. Ule wa kabureta ni rahisi, lakini hupasuka, na petroli ikirukia tabo lililopata moto, gari ndiyo basi tena. Klipu ziwe za stenlesi, maana hewa ya chumvi hapa Unguja haichelewi kuleta kutu. Waya wa muziki: fyuzi karibu na betri. Mtungi wa poda, kilo 2, ufungwe jirani na kiti, si kwenye buti.

Moshi ukitoka, zima swichi, shukeni. Boneti usiifunue; ifyatue tu, upulize poda penye upenyo.