Mhitimu wa biashara aanzie kwenye taarifa ya pesa za simu

Nafanya uhasibu katika duka la jumla la saruji na mabati hapa Busia, upande wa Uganda, na vyuo hutuletea vijana waliosomea biashara waje kujifunza kazi. Ni vijana wenye akili, leja na mizania wanazijua. Ila ukiwapa taarifa ya juma moja ya MTN MoMo, yaani orodha ya pesa za simu zilizoingia na kutoka, wanakwama, kwa sababu darasani hesabu huja ikiwa imeshapangwa.

Kwa hiyo, ukimpokea mhitimu, usikimbilie programu ya uhasibu. Mpe taarifa ya siku moja ya laini ya duka, daftari la mauzo la siku hiyo hiyo, na jedwali tupu la Excel. Kila pesa iliyoingia aioanishe na mauzo yake. Asubuhi nzima inaweza kuishia hapo, mwache. Atakutana na sh. 500,000 zilizotumwa na jina lisilo daftarini: fundi ndiye aliyenunua, mkewe ndiye aliyelipa. Atakuta mteja kalipa mara mbili mzigo mmoja kwa kuwa mtandao ulisumbua. Mwenye duka ametoa sh. 500,000, lakini salio limepungua zaidi ya hapo: sh. 2,500 ni kodi ya serikali ya asilimia 0.5 ya kutoa pesa, na nyingine ni ada ya mtandao. Usimpe jibu. Muulize tu namba ya muamala iko wapi, na hakikisha jedwali lake lina safu ya namba hiyo. Majina hufanana na viwango hujirudia. Namba ya muamala ni ya malipo hayo peke yake.

Sisi wa mpakani tuna la ziada. Wateja wa ng'ambo hulipa shilingi za Kenya kwa M-Pesa, basi kiwango cha kubadilisha cha siku hiyo kiandikwe palepale, kisikisiwe mwisho wa mwezi.

Akishaweza hilo, mkalishe kwenye EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato Uganda (URA), ambao tangu 2021 ni lazima kwa walioandikishwa kulipa kodi ya ongezeko la thamani (VAT). Afundishwe kumuuliza mnunuzi mwenye biashara namba yake ya mlipakodi (TIN) kabla ya kutoa ankara, maana bila hiyo mnunuzi hataweza kudai ile VAT ya asilimia 18 aliyolipa. Ankara ikishatoka na kosa haifutwi kwa kalamu. Marekebisho huombwa ndani ya mfumo na kusubiriwa yakubaliwe. Mzigo uko juu ya lori, dereva anapiga honi. Hapo ndipo utaona kama kijana anasoma tarakimu kabla ya kubonyeza.

Namba ya siri ya laini asipewe kamwe. Taarifa aipakue mwenye laini, amtumie.

Nanyi walimu wa vyuo, nawaomba sana: nendeni madukani mkaombe taarifa za zamani. Futeni majina na namba za simu za wateja, kwani tuna sheria ya kulinda data tangu 2019, kisha wapeni wanafunzi wa mwaka wa kwanza wazioanishe. Wasisubiri kuja kwetu.