Kukagua data za dodoso kabla hujaziamini

Data zilizopikwa mara nyingi huumbuliwa na usafi wake. Mzee asiyejua mwaka aliozaliwa atakwambia ana sitini, basi. Mdadisi aliyejaza madodoso peke yake chini ya mwembe huandika 58, 61, 63, akiogopa sifuri zikizidi atashtukiwa.

Kwa hiyo anza na safu ya umri. Chukua watu wa miaka 23 hadi 62, hesabu ambao umri wao unaishia na 0 au 5, zidisha kwa 500, gawa kwa idadi ya wote uliowachukua. Hiki ndicho kipimo cha Whipple. Katika miaka hiyo 40, minane tu huishia na 0 au 5, ndiyo maana jibu la 100 lina maana kwamba hakuna aliyekadiria, na 500 kwamba wote wamekadiria. Fanya hesabu hiyo kwa kila mdadisi peke yake. Ikiwa wenzake katika kata ileile wana 170 na 185, yeye ana 98, mfuatilie. Chini ya watu 50 hivi usikitegemee, maana hupanda na kushuka kwa bahati tu.

Kama mbele yako kuna tasnifu au ripoti tu, data zenyewe huna, tumia GRIM, kipimo cha Nick Brown na James Heathers kinachoangalia kama wastani ulioandikwa unaweza kupatikana kwa idadi ya watu waliojibu. Kinahitaji kikokotoo cha simu. Tuseme watu 23 walijibu swali moja kwa alama nzima za 1 hadi 5, na wastani ulioandikwa ni 3.47. Zidisha: 3.47 × 23 = 79.81. Jumla ya alama nzima haiwezi kuwa na desimali, kwa hiyo jaribu namba za jirani: 79 ÷ 23 ni 3.43, na 80 ÷ 23 ni 3.48. 3.47 haipatikani kwa njia yoyote.

Hapa wengi hukurupuka. Pengine watu 4 waliruka swali, hivyo idadi halisi ni 19, na 66 ÷ 19 inatoa 3.47. Pengine wastani ni wa maswali 4 kwa pamoja; basi kigawanyo ni 23 × 4 = 92, na 319 ÷ 92 inatoa 3.47 bila shida. Ukiwa na desimali mbili na kigawanyo cha zaidi ya 100, kipimo hiki hakikwambii kitu. Omba data ghafi kwanza, na usimtaje mtu kwenye grupu la WhatsApp.

Kwa kazi inayoendelea uwandani, chagua dodoso 1 kati ya kila 10 kwa bahati nasibu (usimwachie mdadisi achague), umtume mtu mwingine akaulize upya mambo yasiyobadilika: paa ni bati au makuti, mama amezaa watoto wangapi. Maoni yaache, hayo hugeuka hata kwa mtu mkweli. Kwenye tableti angalia saa ya kuanza na kumaliza. Maswali 40 hayaishi kwa dakika 6. Kama ni karatasi, zishike: zilizotoka shambani zina mikunjo, vumbi na alama za jasho, na wino hubadilika kalamu ikiisha. Rundo lililonyooka, wino mmoja, mwandiko usioyumba, lirudishe kwa maswali.

Halafu tazama malipo. Ukilipa kwa idadi ya madodoso huku kaya ya mwisho iko kilomita 9 mlimani, umeagiza mwenyewe yapikwe. Lipa kwa siku, na nauli uitoe kando.