Somo: Meza ya jiko inayodumu, kuanzia zege la chini hadi uso wa juu

Wakuu, kila wiki swali ni lile lile: "Jikoni niweke granaiti au tailizi?" Leo naliandika jibu lote mahali pamoja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Meza nyingi za jikoni huku Mbeya na Iringa hazifi kwa sababu ya jiwe lililochaguliwa. Zinafia chini, kwenye zege. Anayetumia hela yote juu na kubana chini ananunua kazi ya kubomoa.

1. Vipimo. Kina sm 60, kimo sm 85 hadi 90 kutoka sakafu iliyokwisha kuwekwa tailizi.

2. Kuta za kubebea. Tofali, kila mita 1 hivi, na ziwe usawa mmoja kwa pima maji.

3. Zege. Hatua hii niliwahi kuiharibu, kwa hiyo isome yote.

Kwa meza ya mita 3, unene sm 7.5, unahitaji saruji mfuko 1 na kidogo, mchanga ndoo 3 na nusu za lita 20 na kokoto ndogo ndoo 5 kwa kila mfuko. Nondo za mm 10 ni 2 za mita 12: nne zinalala kwa urefu, vipande vya sm 55 vinakatiza kila sm 20. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na mchanga ukiwa umelowa, punguza. Zege linalotiririka kama uji ni rahisi kumwaga, lakini maji ya ziada yakikauka yanaacha vinyweleo, na zege linakuwa dhaifu.

Nondo zikae karibu na chini, zikiinuliwa na vijiwe vya saruji vya sm 2.5. Zisilale juu ya mbao zenyewe za kisanduku unachomwagia zege, maana zitaota kutu na kubandua zege. Tundu la sinki litengwe kwa kisanduku cha mbao kabla ya kumwaga. Ukilibomoa baadaye kwa nyundo umeshapasua pembe. Kila pembe ya tundu iwekee kipande cha nondo cha mshazari, kwa sababu nyufa huanzia hapo.

Sasa kosa lenyewe. Juni na Julai watu husema, "Kuna baridi, zege halihitaji maji." Si kweli. Baridi inaichelewesha saruji kushika, na msimu huo hewa ni kavu na kuna upepo, kwa hiyo maji yanakimbia juu kabla saruji haijayatumia. Uso unabaki na vumbi, kisha unachanika nyuzi nyuzi. Mwaga asubuhi, funika kwa nailoni au magunia mabichi usiku uleule, lowanisha kila siku kwa siku 14. Mbao za chini zisitolewe kabla ya siku hizo 14. Makete na sehemu za Mufindi ambako umande huganda usiku, ongeza wiki.

ONYO: usibandike kitu chochote juu kabla ya siku 28. Zege bado linasinyaa.

4. Kuchagua uso.

Granaiti ndiyo chaguo langu kwa anayeweza. Haichanwi na kisu, haiogopi ndimu, na sufuria ya moto haiidhuru kirahisi. Jiko la mkaa lenyewe usiliweke juu yake, maana joto la saa nzima mahali pamoja linaweza kuipasua. Dukani omba kipande, dondoshea ndimu, subiri dakika 10. Kikitoa povu au kikipoteza mng'aro, hiyo si granaiti hata iandikwe nini. Kisha dondoshea maji: yakinywewa na kuacha doa jeusi, jiwe litahitaji dawa ya kuziba vinyweleo. Slabu ya mm 20 ilale yote juu ya zege. Ibebwe wima, kamwe isilazwe, na tundu la sinki likatwe nyumbani kwako. Jiwe lililotobolewa Dar es Salaam halafu likasafiri zaidi ya kilomita 800, kona za mlima Kitonga zikiwemo, hupasukia pale kwenye ukingo mwembamba.

Travatini ya Songwe ni nzuri na ni ya kwetu, lakini ni chokaa iliyoachwa na chemchemi za maji moto. Ndimu, siki na nyanya zinaila. Iweke ukutani.

Kwatsi ya kiwandani ni chembe za jiwe zilizofungwa kwa gundi ya plastiki. Haihitaji dawa, ila sufuria ya motoni huunguza hiyo gundi. Weka kibao chini.

Mbao: mninga au mkongo uliokauka vizuri, mafuta pande zote mbili, hata chini. Upande mmoja tu, ubao unapinda. Paini ni laini mno kwa kazi hii, na karibu na sinki usiweke mbao yoyote.

Tailizi za sakafuni za poselini, sm 60 kwa 60, ndizo zinazowafaa wengi. Kina cha meza kinatoshea kigae kimoja, kwa hiyo mita 3 ni vigae 5 na viungo 4 tu kati yake. Usichukue za ukutani. Kuzitambua, mwagia maji mgongoni: ya ukutani inayanywa, poselini inayaacha juu.

5. Kubandika. Gundi ijae chini ya kigae chote. Mafundo matano ya gundi yanaacha uwazi, na pigo moja la kinu linatoboa.

MASWALI

Mdau wa Soweto: Mkuu, granaiti bei gani?

— Inategemea urefu, unene na idadi ya tundu. Hujataja hata kimoja. Pima kwanza.

Mafinga2: Nimemwaga zege Jumamosi, fundi anataka kubandika Alhamisi. Sawa?

— Hapana. Hatua ya 3, onyo.

Mafinga2: Anasema ataweka gundi kali.

— Gundi haizuii zege kusinyaa. Zege litajivuta, kigae hakijivuti, na kitakachoachia ni hiyo gundi. Nimeandika sababu, uamuzi ni wako.

Mama wa Tukuyu: Habari za kazi, fundi. Kwa nini nondo zikae chini na si katikati? Nataka pia meza ichomoze sm 30 upande mmoja, watoto wakalie viti.

— Nzuri, mama, na asante kwa kuuliza hilo kabla ya kumwaga. Chukua kipande cha sponji, chora mistari ya wima ubavuni, kiweke juu ya vikombe viwili, kandamiza katikati. Mistari inabanana juu na kutanuka chini. Zege linavumilia kubanwa, halivumilii kuvutwa, kwa hiyo nondo inakwenda kule kunakovutwa. Pale panapochomoza mambo yanageuka: shika sponji upande mmoja, bonyeza ncha, utaona inatanuka juu. Hapo nondo ziwe juu, na ziingie ndani ya meza walau sm 60. Kwa unyevu wa huko kwenu Rungwe, viungo vya vigae jaza grauti (kijazio cha nafasi kati ya vigae) ya epoksi. Ile ya saruji huota weusi.

Kihesa_jikoni: Mimi maji yanapita chini ya ukingo wa mbele, yanaozesha milango ya kabati.

— Kabla ya kumwaga, laza kamba ya mm 10 juu ya mbao ya chini ya kisanduku cha zege, sm 2 kutoka ukingo wa mbele. Ukiitoa inaacha mfereji, tone linaangukia hapo. Kwa meza iliyokwisha, chana kwa grenda.

Mama wa Tukuyu: Na madoa ya bizari ya manjano kwenye grauti nyeupe?

— Osha kwa sabuni, kisha achia jua la dirishani lipige hapo siku mbili tatu. Rangi ya bizari hiyo haistahimili jua. Pasipofikiwa na jua, chagua grauti ya kijivu.