Betri ya nyumba ikifungwa nje, anza na madirisha

Fundi akija kufunga betri ya sola kwenye ukuta wa nje, jicho lake huenda moja kwa moja kwenye nafasi iliyo karibu na mita. Wewe angalia madirisha. NFPA 855, kiwango cha Marekani cha usalama wa betri za kuhifadhi umeme, kinataka betri ikae angalau futi 3, yaani sentimita 91 hivi, kutoka kwenye mlango au dirisha linalofungukia moja kwa moja ndani ya nyumba. Tatizo si miali ya moto peke yake: seli ya lithiamu iliyomo ndani ya betri ikipata joto kupita kiasi hutoa gesi zenye haidrojeni na kaboni monoksidi, pengine kabla moto haujaonekana, na zikipenya chumbani zinaweza kulipuka. Kwa hiyo pima kuanzia ukingo wa kasha, usipimie katikati.

Betri na betri nazo huachana futi 3, isipokuwa majaribio ya moto ya UL 9540A (UL ni shirika la Marekani la kupima usalama wa bidhaa) yameonyesha kwamba zinaweza kusogeleana. Kila moja isizidi kWh 20 (kilowati-saa, yaani uniti za umeme inaohifadhi), na zote za nje kwa pamoja zisizidi 80. Lebo ya usalama ya UL 9540 iwe ya mfumo mzima; ya seli pekee haitoshi, hata muuzaji akikuapia.

Panapopita gari, simika nguzo za chuma mbele ya betri. Jua la alasiri likiupiga ukuta huo, hamisha au weka kivuli. Halafu mchoro wa ufungaji uende kwa mkaguzi wa majengo kabla ukuta haujatobolewa, maana kanuni za eneo lako zinaweza kuwa kali zaidi.